Ukuta Umepakwa Rangi Mara Tano, Choo Bado Kimejaa

Nitasema hii kitu mapema ndio wenye watakasirika waanze kuandika komenti sai: vikundi vya misheni ya siku kumi vinavyotua Matisi kila Juni hadi Agosti, kwa venye vinaendeshwa, vikome. Sijasema wageni wasije. Sijasema Injili isihubiriwe. Kanisa naenda, na mathe wangu ni mama wa kanisa kindakindaki. Nasema ile safari ya kupaka ukuta, kubeba mtoto wa mtu, kupiga picha, kulia machozi na kumalizia Maasai Mara kuangalia simba. Hiyo ndiyo ikome.

Kabla uniulize najua nini: niko na miaka 22, nimelelewa hapa Matisi, Kitale. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kuonekana, na siku hizi natengeneza vidio. Misimu mitatu nimekuwa mkalimani wa hawa wageni, elfu moja kwa siku na soda juu. Hii stori sijaskia kwa watu. Nilikuwa ndani ya gari.

Siku yao moja huenda hivi. Saa mbili asubuhi matatu mbili za kukodisha zinawatoa hoteli mjini. Wako 12, wamevaa tisheti za rangi moja zenye jina la Kenya na mwaka. Shuleni watoto wako uwanjani tangu saa moja, wamepangwa mistari, na hakuna somo limeguswa. Magari yakiingia nyimbo zinaanza, na simu zinatoka mifukoni kabla miguu haijagusa chini. Saa nne ni mahubiri na igizo la mtu ana moyo mchafu unasafishwa. Saa tano ni kupaka rangi. Saa saba wageni wanakula mkate wao ndani ya gari, juu wameambiwa chakula cha hapa kitawaharibu tumbo, na watoto wanakula githeri wakiwachungulia kwa dirisha. Mchana ni mpira, puto na kuchorwa kipepeo usoni. Saa kumi wanaaga. Lazima kuna mtu analia. Saa kumi na moja vumbi limetulia, na mwalimu wa darasa la tano ndio anakumbuka kwamba desimali zilikuwa za leo.

Hiyo ni siku moja. Zidisha kwa idadi ya vikundi, kisha uniambie mtoto wa Matisi anapoteza siku ngapi za shule kwa mwaka akiwa mwenyeji wa watu asiowajua.

Na ile rangi, wacha niwaambie kuhusu ile rangi. Kuna ukuta wa darasa moja hapa ambao, kwa misimu naikumbuka, umepakwa mara tano. Buluu, njano, kijani, buluu tena, halafu Safina ya Nuhu iko na twiga wawili. Nyuma ya ukuta huo kuna choo cha shimo ambacho kimejaa, na wasichana wa darasa la saba na la nane hungoja mpaka wafike nyumbani. Hakuna kikundi nimewahi kusikia kikiomba kuchimba choo. Choo hakitoki poa kwa picha.

Jirani yangu ni fundi wa rangi. Nusu ya maduka ya huu mtaa ni mkono wake. Siku ya misheni anasimama nje ya ua akitazama msichana wa miaka 17 akishika brashi kama kijiko cha supu. Wageni wakirudi hoteli, fundi anapigiwa simu aje arudie kona na kukwangua ile ilimwagika kwa vioo. Analipwa mia tatu, na kazi ya siku nzima imeenda bure kwa mtu ambaye hakuihitaji. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa mgeni jembe siku ya kwanza, tumempiga nalo picha, na mwenye shamba tumemwambia asimame kando asiharibu picha.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kila mmoja wa hao 12 amechangisha dola 3,000 za tiketi, hoteli, gari, chakula na simba. Jumla ni dola 36,000. Ukibadilisha kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni 4.6. Sasa, mwalimu aliyehitimu na kuchukuliwa na serikali kama mwanagenzi wa sekondari msingi amekuwa akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, yaani 240,000 kwa mwaka. Safari moja ya siku kumi ingelipa walimu 19 mwaka mzima. Kumi na tisa! Na hao walimu hawatafutwi mbali. Wako hapa hapa, wengine ni wa boda, wengine wanauza mitumba, cheti kiko chini ya godoro.

Na msiseme ni chuki yangu. Kurt Ver Beek ni Mmarekani, ni Mkristo, ni wa Calvin University, na ameishi Honduras miaka mingi. Baada ya kimbunga Mitch cha 1998, nyumba nyingi zilijengwa huko, zingine na vikundi vya misheni na zingine na mafundi wa hapo chini ya shirika la Kikristo la hapo. Alipopiga hesabu, nyumba ya wageni, ukiweka na nauli ya ndege, ilifika kama dola 30,000. Ya mafundi wenyeji ilikuwa kama dola 2,000. Na maisha ya wenye walijengewa na wageni hayakuwa tofauti na ya wale wengine. Kile wengi walisema ni kwamba, kama wangechagua, afadhali hiyo pesa ya nauli ijenge nyumba zingine.

Najua jibu lenu: "Lakini safari inafungua moyo wa mgeni, akirudi kwao atatoa zaidi." Hiyo pia Ver Beek aliiangalia. Aliwafuata walioenda, na utoaji wao haukupanda kwa kiasi cha maana. Moyo unafunguka Julai, ikifika Desemba umejifunga.

Halafu kuna ile sentensi. Kila kikundi, bila kukosa, mtu ananigeukia macho yamelowa na kuniambia, "Hawana chochote, lakini wana furaha sana." Mmoja alitaka niwatafsirie watoto wenyewe. Niliwaambia, "Anawasalimia." Ningesema nini? Mtoto ana furaha juu leo hakuna hesabu na amepewa biskuti. Hata wewe ungefurahi. Na si kweli kwamba hana chochote. Ana mama anaamka saa kumi usiku. Ana timu ya mpira. Ana Kiswahili, ana Kibukusu ama Kiturkana cha nyumbani, na Kiingereza cha shule anakijenga. Lugha tatu. Mgeni ameshuka na moja, na bado ni yeye amekuja kufundisha.

Upande wa kambi za matibabu ni noma zaidi. Kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, 2024, madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 56, na kiini cha mgomo kilikuwa madaktari wapya waliomaliza chuo lakini hawakuwa wametumwa kazini, pamoja na malipo yao. Yaani nchi iko na madaktari wamekaa kwao wakitazama ukuta, halafu mtaani anashuka kijana wa chuo mwenye kipima moyo shingoni anagawa dawa chini ya mwembe. Sheria yetu inataka daktari wa kigeni awe na leseni ya muda kutoka kwa baraza la madaktari. Hiyo leseni, nani huiuliza pale kwa geti?

Usipouliza, unapata yaliyotokea Jinja, Uganda, jirani zetu kabisa. Renee Bach alitoka Virginia akiwa msichana mdogo, hana cheti chochote cha udaktari, akaanzisha shirika la Serving His Children kuhudumia watoto wenye utapiamlo. Kati ya 2010 na 2015 watoto 105 walifia hapo. Alikana kwamba alijifanya daktari, na ni kweli watoto wengi waliletwa wakiwa hali mbaya. Mwaka wa 2019 akina mama wawili wa Uganda walimshtaki pamoja na shirika lake, na 2020 wakamalizana kwa malipo bila yeye kukubali kosa. Jiulize kitu kimoja tu. Msichana wa Uganda wa umri ule, bila cheti, angefungua mahali kama hapo Virginia, angemaliza wiki ngapi?

Hicho ndicho kipimo changu, na ukibeba kitu kimoja kutoka hapa, beba hiki: kama huruhusiwi kumfanyia mtoto wa kwenu, usije kumfanyia mtoto wa Matisi. Kwenu huwezi kuingia shule usiyoijua, umbebe mtoto usiyemjua, umweke kwa mapaja, umpige picha na uiweke Instagram. Utashikwa kabla ya lanchi. Hapa unapigiwa makofi.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mdogo wangu akiwa na miaka sita alipigwa picha ameshika kikombe cha uji, kamasi puani, maana kulikuwa na baridi na yeye ni mtoto. Miaka miwili baadaye nilikutana na hiyo picha kwa ukurasa wa kanisa moja la ng'ambo ukiomba michango. Imeandikwa kwamba ni yatima. Mathe, mwenye alipika huo uji kwa jikoni ya kanisa, saa hiyo alikuwa soko akiuza omena. Nilimwonyesha simu jioni. Akaangalia, akarudisha, akaniuliza, "Sasa mimi wamenizika wapi?" Nimewaandikia barua pepe mara tatu. Picha iko hadi leo.

Mimi ni mtu wa kamera, kwa hivyo usiniambie picha ni kitu kidogo. Najua picha inalipa. Mtoto mwenye viatu na mama yake kando haleti dola. Mtoto peke yake, miguu chini, uso umechafuka, huyo analeta. Na hapo ndipo uongo unaanza, taratibu tu: unamwambia mama asogee kidogo atoke kwa fremu.

Kenya tuna sheria ya hii kitu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi ama mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kama shule ya Kenya inalipa milioni nne na nusu kwa watoto wake yenyewe, kikundi cha siku kumi kinabeba picha mia tatu za watoto wetu kwa idhini ya nani?

Na hilo neno yatima lina kazi. Save the Children walisema mwaka wa 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye makao ya watoto duniani wako na mzazi aliye hai. Mara nyingi wamefika hapo kwa sababu ya umaskini, na makao yanaendelea kujaa juu yanalisha wageni kitu cha kubeba. Serikali yenyewe ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na 2022 ikatoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwa familia. Kwa hivyo ukichangia makao badala ya mama, unalipia mtoto atoke kwao.

Kuna jambo lingine hatupendi kulitaja kanisani. Mimi nikitafuta kazi ya ulinzi kwa geti la shule, nitaitishwa cheti cha tabia njema, nipigwe alama za vidole, nilipe elfu moja na ushei, ningoje. Mgeni anaitishwa nini? Tabasamu. Matthew Durham wa Oklahoma alikuwa na miaka 19 alipokuja kujitolea kwa makao ya watoto Nairobi mwaka wa 2014. Machi 2016 mahakama ya kwao ilimfunga miaka 40 kwa kudhulumu watoto wa hapo kingono. Wengi wa hawa wageni ni watu safi kabisa, na ninawapenda kadhaa kwa majina. Lakini geti halijui nani ni nani. Geti lililomfungulia mwema bila swali ndilo litamfungulia huyo mwingine.

"Bila wamisionari hata shule hungekuwa nayo." Sawa, tuzungumzie wamisionari. Mwaka wa 1902 Wamarekani watatu wa Friends walifika Kaimosi: Hotchkiss, Hole na Chilson. Hawakuwa na tiketi ya kurudi Jumamosi ijayo. Emory Rees, aliyewafuata miaka miwili baadaye, alikaa Maragoli zaidi ya miaka ishirini, akajifunza lugha mpaka akatafsiri Agano Jipya. Kutoka kwa mzizi huo tukapata, huku upande wa Bungoma, shule ya Kamusinga na hospitali ya Lugulu. Unaweza kuwakosoa, na watu wetu waliwakosoa. Elijah Masinde wa Kimilili alikulia kanisa hilo hilo, akatoka, akaongoza Dini ya Msambwa na kuwaambia wazungu waende kwao. Mkoloni aliipiga marufuku 1948 na kumpeleka Masinde kizuizini Lamu.

Ninachosema ni hiki: hao walikuwa watu wa kugombana nao. Walikuwa wanajulikana nyumba, lugha na makosa. Waliharibu mahali, wakaulizwa hapo hapo. Huyu wa siku kumi hata ugomvi huwezi kuanzisha naye. Ukifikiria la kumwambia, ndege imeshapaa.

Na tusijifanye mzungu anajileta. Kuna mtu wetu anampokea uwanja wa ndege Eldoret. Kuna mchungaji ambaye paa la nyumba yake linategemea kikundi kirudi mwaka ujao, kwa hivyo hawezi kumwambia mgeni "hapana, hatuhitaji rangi." Kuna mwalimu anayejua choo kimejaa lakini anaona aibu kuomba kitu kinachonuka mbele ya watu wamevuka bahari. Adabu yetu kwa wageni ni kitu kizuri sana. Shida ni kwamba imegeuzwa kuwa tikiti ya kuingilia.

Na wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi ama Eldoret ukitikisa kichwa, usitikise sana. Vikundi vya Kikristo vya vyuo vyetu navyo hupanda basi kwenda Turkana na Pokot wiki moja, nguo kuukuu kwa magunia, tisheti mpya za mwaka. Na nyinyi wenzangu wa vidio: yule anampa chokoraa mkate akiwa amewasha kamera, halafu anaweka wimbo wa huzuni chini. Ngozi ni yetu, mchezo ni ule ule. Kama mkate hauwezi kutoka mfukoni bila kamera kutoka pia, huo mkate umeununua kama vifaa vya kazi.

Kwa hivyo kikundi kikituma barua kwamba kinakuja, kanisa, shule, ama wewe mkalimani, uliza haya manne kabla ya kujibu.

Moja: kazi hii, kuna mtu wa Matisi anaijua? Kama yuko, yeye aifanye na alipwe bei ya soko. Mgeni anaweza kumshikia ngazi.

Mbili: kila mtu atakayekaribia watoto ana cheti cha polisi cha kwao, na kama ni daktari, ana leseni ya Kenya? Hakuna karatasi, hakuna kuingia.

Tatu: picha. Mzazi ameweka sahihi? Anajua itaenda wapi na itaandikwa nini chini yake? Kama hajui, simu zibaki hoteli.

Nne: mwaka ujao mwezi wa tatu, hakuna kamera, hakuna tisheti, nani atakuwa amebaki na hii kazi? Kama jibu ni hakuna, basi tumeandaa sherehe na kuiita huduma.

Mgeni akishinda hayo manne, karibu sana. Aje na miguu, anunue omena kwa mathe, ale ugali na sisi, akae kanisani benchi la nyuma asikilize mahubiri ya mtu mwingine. Kama ana ujuzi, amfundishe muuguzi wetu, aondoke ujuzi ubaki. Kama ana miaka miwili ya kujifunza Kibukusu, tutampa hata jina. Na kama ana dola 3,000 peke yake na hana muda, azitume karo. Hatutamkumbuka sura, lakini kuna mtoto atamaliza shule.

Msimu unaanza Juni. Vijana wa Matisi, Tuwan, Kipsongo na Mitume, mkiitwa kutafsiri, endeni, elfu ni elfu. Lakini hayo maswali yaulizeni ndani ya gari, kwa Kiingereza kizuri, kabla hamjafika kwa geti. Wakiuliza sasa waanzie wapi, waonyesheni nyuma ya ukuta.